Nyumba Yangu, Bia Yake

Wiki iliyopita nilikuacha nimesimama kwenye ngazi za nyumba yangu mpya, kreti ya bia begani, na huko juu sauti ya mwanamke ikisema:

"Kunywa, Pachamama. Kunywa, mama, ushibe. Nyumba hii ni yangu, na mimi ni mtoto wako."

Nyumba yake!

Nilizimaliza ngazi zile kama mtu aliyesikia mlio wa gesi inayovuja. Mke wangu Hilaria alikuwa nyuma yangu na kikapu cha maua, sketi zake za tabaka zikifagia kuta zote mbili kwa mpigo.

Katikati ya chumba alisimama mama mmoja mfupi, kofia ya duara kichwani, chupa mkononi. Dirishani alikuwa ameshatundika tepe za karatasi za rangi zote. Kona tatu za chumba zilikuwa zimelowa bia. Alikuwa anaielekea ya nne.

"Simama hapo hapo!" nikasema. "Hiyo kona ni yangu!"

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Umetumwa na nani, baba? Kama ni umeme, nimelipa."

"Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba ni mimi. Gumercinda Tintaya. Futa miguu."

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, nieleze upesi. Naitwa Severo Callisaya, mpiga lipu. Nimepiga lipu nusu ya mji wetu wa El Alto, na nusu nyingine ni matofali matupu kwa sababu wenyewe ni wabahili. Nyumba hii ya ghorofa mbili nimeinunua kwa don Rigoberto Alanoca, bwana mwenye jino la dhahabu, ambaye akicheka unajikuta umeshamkopesha. Aliniapia kwamba chini kuna fundi wa vinyago anayelipa kodi kila mwezi, na juu ni tupu. "Tupu kabisa, kompadre. Hata panya wamehama."

Nilimkabidhi akiba yangu yote. Kilichobaki anakitaka Ijumaa hii. Nisipotoa, nyumba inarudi kwake, na akiba yangu hairudi popote.

Hela ya Ijumaa nilijua itatoka wapi. Ingetoka kwenye ghorofa hiyohiyo ya juu. Nilishampata mfamasia wa kuichukua kwa antikretiko: ananipa fungu zima mkononi, anakaa miaka miwili bila kulipa kodi, siku ya kuhama namrudishia fungu lake kama lilivyokuwa. Kwetu huku ndivyo mtu asiye na kitu anavyokuwa mwenye nyumba. Analipia mlango kwa pesa ya yule atakayeingia mlangoni.

Ila mfamasia anataka chumba kitupu. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko, picha ya Bikira, na doña Gumercinda.

Nikashusha kreti. Nikavuta pumzi ya kutosha matusi ya wiki nzima.

Hilaria akanifinya ubavuni. "Severo. Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

Pumzi ikaniishia. Jumanne ya Kunyunyizia, siku ya mwisho ya karnivali, siku ambayo kila mtu anaipa nyumba yake bia na maua ili Pachamama, Mama Ardhi, ailinde mwaka mzima. Na siku hiyo ukigombana ndani ya nyumba, nyumba inaula ugomvi wako na kukutapikia hadi karnivali nyingine. Namjua mtu aliyemtukana shemeji yake Jumanne ya Kunyunyizia. Kufika Pasaka choo chake kilikuwa kimeanguka, na shemeji alikuwa ndani.

"Mpaka jua litue," Hilaria akanong'ona, "maneno matamu tu."

Doña Gumercinda alikuwa amesikia. Yeye pia alikuwa ameivuta pumzi yake. Naye akaishusha.

"Karibuni, wanangu," akasema, meno yamebanana. "Kaeni kwenye viti vyangu."

"Asante, mama," nikasema. "Vinapendeza sana ndani ya chumba changu."

Akajaza bilauri, akamwagia ardhi kidogo, akanyanyua. "Nakualika, don Severo. Pachamama akupe magoti imara ya kushukia ngazi."

Bilauri ya Jumanne hii haikataliwi. Nikamwagia ardhi, nikanywa, nikajaza yangu.

"Nami nakualika, doña Gumercinda. Akupe nyumba kubwa, nzuri, yenye jua asubuhi. Huko mbali, Oruro."

"Akupe mapato mengi, mwanangu, uache kupanda ngazi za watu."

"Akupe lori zuri la kuhamia."

"Hilaria, mwanangu," mama akasema, "huyu umemtoa wapi?"

"Alikuja kupiga lipu kwetu, mama. Lipu ikabanduka, yeye akabaki."

Wakacheka wote wawili. Nikaona hapa nitazidiwa. Nikaamua kutumia sheria.

"Doña," nikasema kwa sauti ya asali, "una karatasi gani?"

Akaitoa chini ya kofia. Akaniambia yeye mwenyewe aliingia kwa antikretiko. Miaka miwili ilipokwisha akadai fungu lake, na Rigoberto akamwambia, mamita, fungu lako nimelijengea paa, siwezi kulibandua nikupe. Ongeza kidogo nikuuzie nyumba yote. Naye akauza kibanda chake cha sokoni, akaongeza.

Kibanda cha sokoni! Mama yule alikuwa ameuza kula yake anunue kulala.

Lakini nilikuwa na Ijumaa yangu. Nikaisoma karatasi ile. Nilitoka shule darasa la nne, ila muhuri naujua nikiuona, na nikiukosa naujua zaidi. Kulikuwa na saini ya Rigoberto na doa la kahawa. Muhuri wa ofisi ya hati haukuwepo.

Moyo wangu ukapiga tarumbeta.

Sikia, wewe unayetaka kununua nyumba ya kupangisha. Saini ya muuzaji ni ahadi tu. Mwenye nyumba ni yule ambaye jina lake limeandikwa ofisi ya hati, na wa kwanza kuandikwa ndiye yeye, hata kama wa pili alilipa mara mbili na kulia mara tatu. Usipoandikisha, umenunua hadithi.

"Mama yangu mpendwa," nikasema, "Pachamama akupe subira. Karatasi hii haina muhuri. Haijaandikishwa."

"Najua. Rigoberto alisema tutakwenda wote wiki ijayo, baada ya karnivali."

"Pole sana," nikasema, na kwa kweli nilikuwa natabasamu.

Hilaria akakohoa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Yetu je?"

"Yetu ina nini?"

"Itoe."

Nikaitoa. Saini ya Rigoberto. Doa la kahawa, mahali palepale. Nikaigeuza, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikaikunja na kuikunjua. Muhuri haukuzaliwa.

"Na wewe alikuambia lini?" doña Gumercinda akauliza taratibu.

Nikairudisha karatasi mfukoni. "Wiki ijayo," nikasema. "Baada ya karnivali."

Nilijihesabia mjanja, mimi. Nilikagua paa la nyumba hii. Nilibisha kila ukuta wa chini, maana Rigoberto alisema ufunguo wa juu umepotea. Nilifungua bomba alfajiri kuona nguvu ya maji. Ila mwezi wa kwanza, kwenye maonyesho ya vitu vidogo, ambako unanunua kidogo ili upate kikubwa, Hilaria alikuwa amenunua kijumba cha plasta cha kuombea nyumba, ghorofa mbili na vioo vya kijani, kikabarikiwa saa sita kamili mchana, kama desturi. Nilipoiona nyumba ya Rigoberto yenye vioo vya kijani, nikasema Mungu ameshatia saini, ofisi ya hati itasubiri.

Haisubiri, ndugu yangu. Mungu hana kaunta pale.

Nje walikuwa wanalipua fataki, mbwa wa mtaa mzima wanalalamika. Sote watatu tulikuwa tunafikiria jambo moja: leo ofisi imefungwa, kesho Jumatano ya Majivu inafunguliwa. Atakayetangulia kesho na Rigoberto mkononi, nyumba ni yake. Mwingine amebaki na doa la kahawa.

Na mtu aliyelewa leo, kesho hatangulii popote.

Doña Gumercinda alikuwa wa kwanza kufika kwenye chupa.

"Nakualika, mwanangu! Bilauri imejaa, unywe yote, usimuudhi Mama Ardhi!"

"Siwezi kukutangulia, mama! Wewe mkubwa! Nakualika kubwa zaidi!"

"Na pombe kali ya singani kidogo juu yake, ya kupasha kifua!"

"Na wewe ya kupasha magoti!"

Sasa kuna ujanja hapa ambao kila mtu wa kwetu anaujua. Bilauri huwezi kuikataa, lakini hakuna aliyepanga kipimo cha kumpa ardhi. Nikamwagia Pachamama robo. Mama akamwagia nusu. Nikamwagia robo tatu, nikalamba iliyobaki. Mama akamimina yote sakafuni, akajifuta mdomo mkavu kwa mgongo wa mkono na kusema, "Aaah!"

"Mama, una imani kubwa," nikasema.

"Nimelelewa hivyo. Nakualika!"

Bia ikatiririka. Viatu vyangu vikaanza kuteleza. Hilaria akapandisha sketi zake na kukaa juu ya meza, akila mahindi na kututazama kama watu wa sinema.

"Nani anaongoza?" nikamuuliza.

"Sakafu," akasema.

Ndipo tukasikia kelele chini yetu. Mtu alikuwa anapiga ukelele wa uchungu. Kisha viatu vizito kwenye ngazi. Kisha mlango ukafunguka kwa kishindo.

Aliyeingia alikuwa na pembe.

Shetani mzima, macho ya vioo, ulimi mwekundu, mjusi wa kijani akitambaa katikati ya pembe. Bia ilikuwa inamdondoka puani. Doña Gumercinda akajifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wenye chupa na kunilowesha shati.

Shetani akajivua kichwa. Ndani mlikuwa na don Casiano Yujra, fundi wa vinyago wa chini, mwenye uso wa mtu aliyefiwa.

"Nani," akasema, "nani amenimwagia bia kwenye rangi mbichi?"

"Don Casiano, ni siku ya maneno matamu," Hilaria akamkumbusha.

Akafumba macho. Akameza kitu kigumu. "Ndugu zangu wapenzi. Kinyago hiki nimekishona na kukipaka mwezi mzima. Nilikivaa nikitazame kwenye kioo, na mvua ikaninyeshea ndani ya nyumba. Pachamama awabariki wote kwa radi."

Nikapiga magoti kutazama sakafu. Ufa. Umetoka ukutani hadi chini ya kitanda, umefunikwa lipu nyembamba kama maganda ya kitunguu. Lipu ya kuuzia nyumba. Mimi, niliyebisha kuta za chini, sikuwahi kupanda kubisha sakafu. Basi chukua hili nalo, bure: ukitaka kujua kama ghorofa inavuja, mwaga ndoo ya maji kabla ya kumwaga akiba. Muuzaji akikuzuia, umeshapata jibu.

"Itazibwa, don Casiano," nikasema. "Mimi kama mwenye nyumba..."

"Nitaiziba mimi," doña Gumercinda akadakia, "kama mwenye nyumba."

Don Casiano akatutazama kwa zamu. Akaweka kichwa cha shetani juu ya meza, karibu na mahindi.

"Mnasema nini nyinyi? Wenye nyumba wapi? Mimi nimewavumilia kwa sababu don Rigoberto aliniambia ni wapangaji wangu."

Sikupenda jinsi mkono wake ulivyokuwa unaingia mfukoni.

"Casiano," Hilaria akasema polepole, "usitoe karatasi."

Akaitoa.

Saini, na doa la kahawa.

"Wiki ijayo?" nikamuuliza.

"Baada ya karnivali," akasema, na sauti ikamfia njiani. Alikuwa ameuza pikipiki yake na mashine ya kushonea ya marehemu mkewe.

Doña Gumercinda akavuta kiti, akakaa. Kwa mara ya kwanza mchana ule alikunywa bilauri bila kumpa ardhi hata tone.

Tukakaa hivyo, watu watatu walionunua nyumba moja, pamoja na shetani. Sikuwa na hamu ya kumlewesha mtu tena. Kibanda cha sokoni, mashine ya marehemu, na mikono yangu iliyoliwa na saruji, vyote vilikuwa vimeingia kwenye jino moja la dhahabu.

Tukasikia mlango wa barabarani.

Ulifunguliwa taratibu sana, kama unavyofungua ukirudi kwa mkeo umechelewa. Hatua za ncha za vidole. Harufu ya maua. Kisha sauti ya kunong'ona kutoka chini, kwenye uwazi wa ngazi:

"Kunywa, Pachamama, kunywa upesi, mama. Ni mimi, mtoto wako Rigoberto."

Tulitazamana. Hilaria alishuka mezani bila sauti. Mwanamke mwenye sketi zote zile! Akapita ubavuni mwa ukuta, akashuka, na tukasikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa.

"Don Rigoberto!" sauti yake ikaimba. "Karibu! Panda juu! Tunakungoja kwa upendo!"

Alipanda akisukumwa mgongoni. Tepe ya karatasi shingoni, chupa ndogo mkononi, na jino lake limefichwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alipotuona watatu tumejipanga, alitaka kurudi nyuma, akakuta Hilaria ameziba ngazi yote.

"Jamani," akasema. "Nilidhani saa hizi mmeshalala kwa bia."

"Umefuata nini nyumbani kwangu?" tukasema. Watatu. Kwa pamoja.

"Kunyunyizia."

"Umeshaiuza!"

"Nimeiuza, ndiyo, nimeiuza vizuri sana. Lakini ofisi ya hati bado jina ni langu. Na Mama Ardhi," akashusha sauti, akatazama sakafu, "Mama Ardhi anafuata jina. Kaka yangu aliruka mwaka mmoja. Mwaka uleule gari lake likashuka mlimani lenyewe, yeye akiwa anakojoa pembeni. Watu nawaweza. Yeye simuwezi."

Ndiyo maana nasema huku kwetu tapeli anaweza kukukimbia mwaka mzima, lakini Jumanne ya Kunyunyizia utamkuta.

Don Casiano akavuta kiti. Doña Gumercinda akajaza bilauri hadi mdomoni. Mimi nikamfuta mgeni wetu vumbi begani kwa mapenzi.

"Nakualika, don Rigoberto," nikasema.

"Niko haraka kidogo, kompadre..."

"Unaikataa? Leo? Anasikia," nikasema, nikaonyesha chini kwa kidole.

Akainywa. Mama akajaza nyingine. Casiano nyingine. Kila akitaka kumwagia ardhi, Hilaria aliushika mkono wake kwa upole: ardhi imeshiba, baba, tazama ilivyolowa. Hatukuhitaji kuambiana. Angekunywa hadi asimame kwa msaada, angelala kati yetu, na kesho tungembeba watatu hadi ofisi ya hati kama sanamu ya mtakatifu.

"Tuko pamoja?" nikamnong'oneza doña Gumercinda.

"Tuko pamoja, mwanangu," akanijibu, akanishika mkono. Casiano akaweka wake juu. Nakuambia kweli, nilitaka kulia.

Rigoberto akaweka bilauri chini. Alikuwa ameiona mikono yetu ile, na jino likatokeza.

"Mnanipenda," akasema. "Nami nawapenda. Basi nisikilizeni. Kesho asubuhi nitakwenda ofisini kwa miguu yangu na kutia saini. Naapa kwa yeye aliye chini." Akamwaga tone moja. "Lakini nyumba ni moja, na saini ni moja. Nitamwandikisha mmoja wenu. Wawili nitawarudishia chenu."

"Lini?" Casiano akauliza.

"Wiki ijayo."

Casiano akalitazama doa lake la kahawa.

"Mmoja yupi?" nikasema.

"Chagueni wenyewe. Mimi sipendi ugomvi, na leo ni siku ya maneno matamu."

Mikono yetu mitatu ilikuwa bado imeshikana mezani. Wa Casiano ulikuwa wa kwanza kuondoka, ukatua juu ya pembe ya shetani. Wa doña Gumercinda ukaenda kwenye shingo ya chupa. Wangu nikaukuta kwenye mguu wa kiti, sijui ulifikaje.

"Severo," Hilaria akasema kutoka dirishani. "Tazama nje."

Nikatazama. Huko mbali, mwisho wa uwanda, kulibaki kipande cha jua chembamba kama kucha.

Kikazama.